Detroit Pistons: Vijana Walewale, Kazi Tofauti

Msimu wa 2023/24 Detroit Pistons, timu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, walishinda mechi 14 kati ya 82. Msimu uliofuata wakashinda 44. Hakuna timu nyingine katika historia ya NBA iliyowahi kuzidisha ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili hadi unaofuata. Simulizi iliyozoeleka inampa sifa Cade Cunningham, gadi anayebeba mpira na kuanzisha mashambulizi, na anazistahili. Ila Cade alikuwamo pia kwenye ile timu ya ushindi 14. Jalen Duren alikuwamo. Jaden Ivey, Ausar Thompson na Isaiah Stewart nao walikuwamo. Vijana ni walewale. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa kila mmoja wao, pamoja na watu waliopangwa kando yao ili kazi hiyo iwezekane.

Ndiyo maana ile kauli ya mashabiki kila timu inapoanza kujijenga upya, kwamba wapeni vijana dakika watakomaa wenyewe, inahitaji kupingwa. Dakika peke yake hazimkomazi mtu. Kijana anayecheza dakika 30 kila usiku bila kujua kazi yake ni ipi anajifunza kubahatisha, na tabia ya kubahatisha ikishaota mizizi kuing'oa ni shughuli.

Tuanze na hesabu, maana uwanjani kuna mpira mmoja tu. Mechi ya NBA ina dakika 48. Kwa wachezaji watano, kocha ana dakika 240 za kugawa. Timu hupata takribani zamu 100 za kushambulia kwa mechi. Zamu huisha kwa mtupo, kwa mitupo huru au kwa kupoteza mpira, na kila mara kuna mtu mmoja aliyeimaliza. Watano wakigawana sawa, kila mmoja atamaliza asilimia 20 ya zamu anazokuwa uwanjani. Lakini timu nzuri hazigawani sawa. Nyota humaliza asilimia 30 au zaidi, msaidizi wake 25. Zinabaki 45 kwa watu watatu, yaani 15 kila mmoja. Sasa kumbuka kwamba karibu kila kijana anayechaguliwa katika kumi bora za drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ametoka mahali ambako yeye ndiye alikuwa mtu wa asilimia 30. Watatu kati ya watano lazima wajifunze kuishi na nusu ya mpira waliouzoea. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote ya kujenga timu upya.

Detroit ya Monty Williams ilishindwa hapo. Mwaka 2023 klabu ilimpa kocha huyo mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78.5, na mwanzoni mwa msimu kikosi chake cha kuanza kilikuwa na Cunningham, Killian Hayes, Thompson, Stewart na Duren. Ivey, aliyechaguliwa wa tano kwenye drafti ya 2022, alianzia benchi. Itazame orodha hiyo kwa jicho la kocha wa timu pinzani. Thompson, akiwa katika mwaka wake wa kwanza, alimaliza msimu akiwa amefunga asilimia 18.6 tu ya mitupo yake ya pointi tatu. Duren hatupi kutoka mbali. Hayes hakuwa mtupaji wa kuogopwa. Stewart alitupa vizuri, asilimia 38, lakini kwa umbo na mazoea yeye ni senta, yaani mtu mrefu wa chini ya kikapu, na alikuwa anachezeshwa fowadi, nafasi ya mbali kidogo na kikapu, kando ya senta mwingine.

Chukua zamu moja ya kawaida ya timu ile. Duren anapanda juu kumwekea Cade skrini, anasimama njiani ili mlinzi wa Cade akwame. Cade anapita, Duren anageuka na kukimbilia kikapu. Kwa timu iliyotanuka vizuri, walinzi watatu wengine wamevutwa nje ya mstari wa pointi tatu na wachezaji wanaoweza kutupa, kwa hiyo mlinzi wa Duren anabaki peke yake mbele ya watu wawili: akimfuata Cade, Duren anarushiwa mpira juu ya kikapu; akibaki na Duren, Cade anatupa bila bughudha. Detroit hawakuwa na nafasi hiyo. Thompson alisimama kona, ambako mstari uko mita 6.7 kutoka kikapuni, na mlinzi wake akamwacha huko akaja kusimama chini ya kikapu. Pasi ya Duren imezibwa, njia ya Cade imezibwa. Mpira unapelekwa kona kwa Thompson, apige mtupo ambao wapinzani ndio waliotaka aupige. Cade alipoonekana kupoteza mpira kizembe, mara nyingi alikuwa anajaribu kupitisha pasi pasipopitika.

Kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 28 Desemba 2023 timu hiyo ilipoteza mechi 28 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote za msimu mmoja katika NBA. Na katika siku zote hizo vijana walikuwa wanacheza. Kama uzoefu wa uwanjani ungetosha, hakuna vijana ambao wangekomaa haraka kama wale.

Juni 2024 Williams aliondolewa, akiwa amefundisha msimu mmoja tu kati ya sita. Uongozi mpya wa Trajan Langdon ukamchukua J.B. Bickerstaff, aliyekuwa Cleveland, na fedha za usajili zikatumika kutanua uwanja. Walisajiliwa Tobias Harris na Malik Beasley, na Tim Hardaway Jr. akaja kwa mabadilishano kutoka Dallas. Watatu hao ni watu wazima waliokwisha kuzunguka ligi, hakuna hata mmoja aliyetegemewa kuwa uso wa klabu. Beasley alichukuliwa kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 6. Akamaliza msimu na vikapu 319 vya pointi tatu, kwa asilimia 41.6, rekodi ya klabu, mara nyingi akitokea benchi.

Watu husema wakongwe huletwa ili wawalee vijana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sibishi kwamba hilo lipo, ila linapewa uzito kuliko linavyostahili. Faida kubwa ya mkongwe anayejua kutupa ni kwamba anayafanya masomo ya kijana yaeleweke. Beasley akiwa kona, mlinzi wake hathubutu kumwacha hata hatua mbili. Ghafla Cade akipita kwenye skrini anaona picha ileile iliyochorwa ubaoni mazoezini: watu wawili dhidi ya mmoja. Akichagua vibaya, kosa ni lake na linaonekana wazi kwenye video. Akichagua vizuri, anapata kikapu. Msimu mmoja kabla, angeweza kuchagua vizuri na bado zamu ikaharibika. Kijana hawezi kujifunza kutokana na matokeo ambayo hayahusiani na uamuzi wake. Takwimu za Cade zilipanda kutoka pointi 22.7 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 7.5 hadi pointi 26.1 na asisti 9.1, akaitwa mchezo wa nyota wote na kuingia kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi.

Lakini mfano unaonivutia zaidi ni Stewart. Msimu wa ushindi 14 alicheza karibu dakika 31 na kufunga pointi 10.9. Msimu wa ushindi 44 alicheza dakika 20 na kufunga 6.0. Ukisoma jedwali bila kutazama mechi utasema kijana ameporomoka. Ukweli ni kwamba Bickerstaff alimwondoa kwenye nafasi ya fowadi, akamfanya senta wa akiba, na akampunguzia mitupo ya mbali. Kazi yake ikabaki fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja: linda kikapu, weka skrini nzito, zuia mtu wako asipate ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Mitupo aliyoizuia ikapanda kutoka 0.8 hadi 1.4 kwa mechi, ndani ya dakika pungufu kwa theluthi nzima. Mtu aliyekuwa anafanya mambo manne kwa kiwango cha wastani akawa anafanya matatu kwa kiwango cha juu.

Duren naye alishuka, kutoka pointi 13.8 hadi 11.8 na ribaundi 11.6 hadi 10.3. Hapo pia takwimu zinaficha kazi. Tazama skrini zake. Senta kijana ana makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuondoka mapema: anaona kikapu kiko wazi, anageuka kabla mlinzi wa mwenzake hajamgusa, na skrini inakuwa hewa tu. La pili ni kinyume chake, anasogeza nyonga au mguu ili amfuate mlinzi anayeteleza, na mwamuzi anapuliza faulo ya kushambulia. Skrini inayofaa inahitaji miguu iwe imepanuka kuliko mabega na imeshatulia kabla ya mgongano, na mgongo uelekee mahali ambako mwenye mpira anataka kwenda. Baada ya mgongano ndipo anapogeuka, akiuangalia mpira muda wote, mikono ikiwa juu ya kifua. Kuna jambo la tatu ambalo Duren aliliongeza: kupokea mpira katikati, karibu na mstari wa mitupo huru, na kuamua mara moja kama aingie au ampasie mtu wa kona. Asisti zake 2.7 kwa mechi ni nyingi kwa senta wa miaka 21, na zote zinategemea kuwepo kwa mtu wa kona anayestahili kupasiwa.

Upande wa ulinzi, kazi ya senta ni ngumu zaidi, na hapo ndipo vijana wengi warefu hukwama. Mwenye mpira anapopita kwenye skrini, senta anatakiwa kurudi nyuma kwa hatua fupi huku akiwa kati ya mpira na yule anayekimbilia kikapu, asimkaribie yeyote kiasi cha kumwachia mwingine. Anapaswa kuchelewesha. Kila sekunde anayoiiba inampa gadi mwenzake muda wa kuukwepa mwili wa mweka skrini na kurudi kwa mtu wake. Kijana akishikwa na pupa anaruka kuzuia mtupo ambao bado haujatupwa. Mpira unapita juu ya kichwa chake na hakuna mtu nyuma.

Hapa msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, na ni sawa amkumbuke, kwa sababu hadithi yake husimuliwa vibaya. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili kwenye drafti, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alitoka chuo kikuu cha Connecticut akiwa anazuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Akafika kwenye timu iliyokuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ileile, na ambayo majira yale yale ilikuwa imemchukua Zach Randolph. Memphis waliruka kutoka ushindi 24 hadi 40 katika msimu huo wake wa kwanza. Timu ilikuwa inapanda, haikuwa na dakika za kufundishia senta wa pili. Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo, na mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier.

Wanaomwita tu mchezaji aliyeshindwa hawatazami kwamba katika dakika kama 13 kwa mechi alizuia mitupo 1.3. Ule ujuzi wake mmoja mkubwa alikwenda nao. Kilichokosekana ni yale yaliyouzunguka, na timu yenye nafasi wazi na subira ya kumjengea. Zaidi ya hapo kuna sheria. Katika mpira wa vyuo vya Marekani senta anaweza kukaa chini ya kikapu anavyotaka. NBA haimruhusu: mlinzi akikaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya kikapu bila kumlinda mtu aliye karibu naye kwa urefu wa mkono, wapinzani wanapata mtupo huru mmoja na mpira wanabaki nao. Kwa hiyo mlinzi wa kikapu anayekuja NBA lazima ajifunze upya kazi yenyewe aliyosifiwa nayo: kuingia, kutoka, kuhesabu, kupanda juu kwenye skrini na kurudi. Hilo haliji kwa dakika tano za mwisho wa mechi iliyokwisha kuamuliwa.

Thompson ni kisa kingine. Msimu wake wa kwanza ulikatizwa Machi 2024 kwa tatizo la kuganda kwa damu, akaruhusiwa kurudi Novemba. Mtupo wake haukuwa umepona, na Bickerstaff hakujifanya kwamba umepona. Alimtoa kona. Wakati mwingine Thompson husimama pembeni kabisa mwa eneo la chini ya kikapu, karibu na mstari wa mwisho, ili mlinzi wake akitoka kumsaidia mwenzake kumkabili Cade, mpira ushuke kwake mita moja tu kutoka kikapuni. Wakati mwingine yeye ndiye anayeweka skrini. Hii ya pili inahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mlinzi wa Thompson humwacha kwa makusudi na kurudi nyuma hatua nne au tano. Basi Thompson akimwekea skrini mlinzi wa Cade, hakuna mtu wa kutoka kumkabili Cade anapopita, kwa sababu yule aliyepaswa kutoka yuko mbali. Udhaifu wa mtupo umegeuzwa kuwa mlango wa mwenzake.

Tatizo lake ni kwamba Thompson na Duren hawawezi kukaa chini pamoja. Mmoja akishuka, mwingine apande hadi mstari wa mitupo huru, na hakuna muda wa kuambizana. Wakisahau, unawaona walinzi watano wamejaa ndani ya eneo moja na saa ya sekunde 24 inakimbia. Hili lilitokea, na litaendelea kutokea. Kwa vijana wa umri wao uelewano wa namna hiyo unajengwa kwa mamia ya zamu.

Kwenye ulinzi kazi ya Thompson ni moja: mchukue gadi hatari kuliko wote. Alipora mpira mara 1.7 kwa mechi katika dakika 22 na nusu, kiwango cha juu sana. Hatari ya kazi hiyo ni faulo. Kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano za kuwania ubingwa, dhidi ya New York alikutana na Jalen Brunson, fundi wa kusimama ghafla ili mlinzi anayemfukuza amgonge mgongoni, na faulo zikawa zinampeleka benchi mapema. Dawa inajulikana: ukishapitwa kwenye skrini, usimshike mtu wako kwa kifua. Mfuate ukiwa ubavuni, mkono mmoja juu kutoka nyuma, na umwachie senta kazi ya mbele. Kuijua dawa na kuitumia mbele ya mashabiki wa Madison Square Garden ni vitu viwili, na Thompson alikuwa na miaka 22.

Kuhusu Ivey nina machache, maana hakuna wa kulaumiwa. Yeye na Cade wote wanapenda mpira mkononi. Bickerstaff alimpa kazi ya kushambulia wimbi la pili: Cade anaanza upande mmoja, ulinzi unahama, mpira unatupwa upande wa pili kwa Ivey, naye anaingia kwa kasi dhidi ya mlinzi anayekimbia kumrudia. Kazi hiyo ina sharti moja, utupe ukiachwa. Ivey akapanda kutoka asilimia 33.6 hadi 40.9 kwenye pointi tatu, akifika pointi 17.6 kwa mechi. Tarehe 1 Januari 2025, dhidi ya Orlando, akavunjika mguu wa kushoto, baada ya mechi 30 tu. Timu ilijaza pengo la kuchezesha Februari kwa kumchukua Dennis Schröder, na kitendo hicho kinaonyesha klabu iliyokwisha kujua kazi zake kwa majina: walitafuta mtu wa kubeba mpira wakati Cade akipumzika, wakampata wa aina hiyo hasa.

Mabadiliko ya fikra yanaonekana waziwazi kwa Ron Holland. Detroit walichagua namba tano miaka mitatu mfululizo: Ivey 2022, Thompson 2023, Holland 2024. Thompson aliingizwa moja kwa moja kikosi cha kwanza. Holland, akiwa na miaka 19, alicheza mechi 81 kwa wastani wa dakika 16. Mtupo wake ulikuwa mbovu, chini ya asilimia 24 kwenye pointi tatu. Lakini katika zile dakika 16 aliambiwa akimbie, alinde kwa nguvu zote, afunge kwenye mashambulizi ya kushtukiza. Alifunga pointi 6.4 na watu walilalamika kwamba namba tano anapotezewa muda. Kwa maoni yangu hakuna kijana wa Detroit aliyeanza vizuri zaidi yake. Hakuzoea hata siku moja kupoteza kila usiku huku akifanya asichokiweza.

Kuna hoja ya upande wa pili nayo ina nguvu. Oklahoma City Thunder walishinda mechi 22 msimu wa 2020/21 na 24 uliofuata, wakawaachia vijana wajaribu kila kitu, na mwaka 2025 wakawa mabingwa baada ya kushinda 68. Desemba 2021 walifungwa na Memphis 152 kwa 79, tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya ligi. Je, hiyo si dakika bila mpangilio iliyozaa ubingwa?

Angalia kilichompata Luguentz Dort. Hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti ya 2019. Msimu wa 2021/22, timu ikiwa mbovu, alifunga pointi 17.2 kwa mechi. Kisha 13.7. Kisha 10.9. Msimu wa ubingwa 10.1, na akaingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi. Mtupo wake wa pointi tatu ulipanda hadi zaidi ya asilimia 41, kwa sababu mitupo migumu aliyokuwa akijitengenezea mwenyewe iliondolewa, ikabaki ile aliyoletewa na nyota wa timu, Shai Gilgeous-Alexander, Dort akiwa ametulia na miguu tayari. Wakati wa kupoteza, kocha Mark Daigneault aliwaacha vijana waonyeshe wanachoweza. Timu ilipoanza kupanda, aliondoa kimoja kimoja. Josh Giddey, aliyechaguliwa wa sita mwaka 2021, alikuwa na kipaji kikubwa cha kupasia, ila bila mpira mkononi alikuwa haogopwi. Dallas walimwacha wazi kwenye mchujo wa 2024, akapoteza nafasi yake katika kikosi cha kuanza kabla mfululizo wa mechi hizo haujaisha, na Juni mwaka huo akabadilishwa na Alex Caruso wa Chicago. Giddey hakuwa mchezaji mbaya. Kazi aliyoiweza tayari ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo majaribio yana muda wake, na muda huo ni wa kumtafuta mtu mmoja au wawili wa kubeba mpira. Wakishapatikana, kila mwezi ambao wale wengine wanaendelea kucheza kama nao ndio wabebaji ni mwezi wa kujifunza kitu ambacho baadaye watalazimika kukiacha.

Makocha wa klabu za Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi au Bujumbura wanaweza kuitumia hesabu hii bila bajeti ya NBA, lakini wazingatie tofauti za sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Mechi ni dakika 40, kwa hiyo za kugawa ni 200. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, na kona mita 6.60. Kubwa zaidi, FIBA haina ile sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Kijana mrefu anaweza kukaa chini ya kikapu mechi nzima, akazuia mitupo, akasifiwa, na hakuna kitu chochote kwenye mchezo kitakachomlazimisha ajifunze kupanda juu kwenye skrini. Kocha ndiye amlazimishe, mazoezini, kwa kuiweka sheria hiyo yeye mwenyewe na kupuliza filimbi.

Kila kijana apewe kazi tatu, zisizidi, na moja angalau iwe ya ulinzi. Kisha zihesabiwe, kwa sababu kijana huamini kinachohesabiwa, na kama kocha anahesabu pointi tu basi kila mtu atatafuta pointi. Mtu wa akiba akae na karatasi. Kwa senta aandike skrini ngapi ziligusa mwili kweli, na mara ngapi alimzuia mtu wake kwa mgongo kabla ya kuutafuta mpira wa ribaundi. Kwa mchezaji wa kona aandike mara ngapi mpira ulikaa mkononi zaidi ya sekunde moja kabla ya kutupa, kuingia au kupasia. Mchezaji asiye mbeba mpira akiushika sekunde tatu, mlinzi wake ameshafika na faida yote iliyotengenezwa imepotea. Kwa gadi wa ulinzi aandike ni mitupo mingapi ya wapinzani iliyotupwa bila mkono mbele yake.

Zoezi la kuanzia ni la wanne kwa wanne upande mmoja wa uwanja, dakika kumi kila siku, bila kutupa kikapuni kwanza. Mpira ukae sekunde mbili kwa kila mshambuliaji, na walinzi wasogee mpira ukiwa hewani, wasisubiri ufike. Mlinzi aliye pasi moja kutoka kwenye mpira aweze kunyoosha mkono ndani ya njia ya pasi. Aliye pasi mbili awe na mguu mmoja ndani ya eneo la chini ya kikapu. Mara nyingi kinachoharibika ni yule wa mbali kuutazama mpira tu na kumsahau mtu wake, naye huyo mtu hukata nyuma ya mgongo wake. Suluhisho ni kusimama mwili ukiwa nusu upande, mkono mmoja ukielekezwa kwenye mpira na mwingine kwa mtu, hata kama unaonekana kichekesho kwa wiki mbili za mwanzo. Zikiisha wiki hizo, ruhusu kutupa, na katika zoezi upe ulinzi pointi nyingi zaidi: mpira ukizuiwa pointi mbili, kikapu pointi moja.

Kazi ya nne aongezewe yule tu ambaye karatasi inaonyesha ametimiza tatu za kwanza katika mechi kadhaa mfululizo, zikiwemo zile ambazo timu ilifungwa.